Nyumba Isiyokunywa Maziwa

Siku daktari alipomwambia mke wangu aache kunyonyesha, mke wangu alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyesikia vibaya na anasubiri aambiwe tena. Tulikuwa tumesimama kando ya kitanda cha mtoto, kwenye wodi ya wachanga ya hospitali kubwa iliyo kilimani, na kupitia dirishani ziwa lilionekana jeupe kwa jua la saa sita. Daktari alikuwa mwanamke wa rika letu, mwenye sauti ya chini. Akarudia.

"Mama, kuanzia sasa usimnyonyeshe. Hata kidogo. Wala usimpe maziwa ya ng'ombe. Mwili wake hauwezi kuichakata sukari iliyomo ndani ya maziwa. Inabaki ndani, inamharibia ini, inamharibia macho, na ubongo pia."

"Maziwa yangu?" mke wangu akauliza, bado tabasamu halijamtoka vizuri.

"Maziwa yoyote, mama. Siyo yako tu."

Mtoto wetu wa kiume alikuwa na siku chache tu duniani. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka njano, tumbo limejaa, na kila alichonyonya alikitapika. Mke wangu akamtazama, akanitazama mimi, halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nimekwisha kulisikia kichwani kabla hajafungua mdomo.

"Na yule wa kwanza?"

Daktari akamgeukia. "Yule sikumwona mimi, na kipimo hiki hakufanyiwa. Siwezi kusema kwa hakika."

Nimeishi na jibu hilo mpaka leo. Nadhani angesema ndiyo, tungelia mpaka tukachoka. Angesema hapana, tungemshukuru Mungu. Lakini alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ulituacha mlangoni, hatuingii wala hatutoki.

Yule wa kwanza alikuwa binti. Alizaliwa mzima, analia kwa nguvu, mpaka wakunga wakasema huyu atakuwa mwimbaji. Baada ya siku mbili tatu akaanza kugeuka njano. Tukaambiwa ni manjano ya kawaida ya wachanga, mweke juani asubuhi, mnyonyeshe sana, itapita. Mke wangu akamnyonyesha sana. Kila mtu aliyekuja kutuona, majirani, shangazi zangu, wanawake wa jumuiya, alimsihi jambo hilohilo: mpe ziwa, mama, mpe ziwa. Binti alipotapika, alimpa lingine. Alipolegea asiweze kuvuta, mke wangu alijikamua kwenye kikombe na kumdondoshea mdomoni kwa kijiko, tone kwa tone, huku akimbembeleza. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nakishika kikombe. Alipofariki walituambia ni maambukizi kwenye damu. Tulimzika nyumbani kwa wazazi wangu, upande wa Magu, karibu na zizi la ng'ombe, na kwa siku kadhaa baadaye maziwa ya mama yake yaliendelea kutoka, hayana wa kuyanywa.

Kwa huyu wa pili, Mungu alitujalia daktari aliyeshtuka mapema. Alipima mkojo, akaangalia macho kwa kitochi chake, akatuma damu nje ya nchi, na hakusubiri majibu yarudi. Maziwa yakasimamishwa siku hiyohiyo. Tukatafutiwa unga wa maziwa ya soya ya wachanga, ulioagizwa kutoka Dar, na mimi nikafundishwa kuukoroga. Baada ya siku chache macho yakaanza kuwa meupe. Mtoto akawa analala usingizi wa kweli badala ya ule wa kuzimia. Majibu yaliporudi, daktari akatutajia jina la ugonjwa, galaktosemia, akatueleza kwamba kasoro hiyo hurithiwa kwa wazazi wote wawili, nusu huku na nusu huku, na kwamba sisi wenyewe hatuumwi chochote.

"Umesikia?" nilimwambia mke wangu tukiwa tunateremka kilima. "Ni mimi na wewe. Sawasawa."

Alikuwa amembeba mtoto mbali kidogo na kifua, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake.

"Maziwa ni yangu mimi," alisema.

Tunakaa Mabatini, kwenye nyumba iliyojengwa kati ya mawe, chumba na sebule na uwanja mdogo mbele. Humo ndimo nilimojua kwamba kuambiwa uache kunyonyesha si jambo la kuambiwa tu. Mtoto akilia, gauni la mama yake lililowa. Hata wa jirani akilia, lililowa. Alijifunga kanga kifuani, akaikaza mpaka akawa anapumua kwa shida. Nilipomlisha mtoto yeye aligeukia ukutani.

"Mchukue wewe," alikuwa akiniambia. "Akininusa atalitaka."

Basi mtu wa kulisha nikawa mimi. Mimi ni fundi wa injini za boti, nina karakana ndogo ufukweni, na mikono yangu haitoki harufu ya petroli hata niioshe vipi. Nilikuwa naisugua kwa sabuni na majivu, nachemsha maji, nakoroga soya, naketi mlangoni na mwanangu. Majirani walipita wakitazama. Wengine walisema nina upendo. Wengine walisema mengine. Mwanamke mwenye kichanga asiyenyonyesha hutungiwa sababu, na sababu waliyomtungia mke wangu ilitufikia baada ya kuzunguka mtaa mzima. Kliniki nako, kwenye foleni ya mizani, mama mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba wanawake wa siku hizi wanalinda matiti yao yasianguke. Mke wangu alirudi nyumbani, akaniambia kuanzia mwezi ujao kliniki nitakwenda mimi.

Halafu ikaanza ile ya kusikia.

Mara ya kwanza ilikuwa mchana, Jumapili. Mtoto alikuwa amelala kitandani, mimi natengeneza redio, yeye anachambua mchele. Akainua kichwa.

"Analia," alisema.

Nikasikiliza. "Mbona amelala."

"Si huyu."

Akaendelea kuchambua mchele. Niliinuka nikaenda kumwangalia mtoto chumbani, na pale kando ya kitanda nikagundua kwamba na mimi nasikiliza. Ilitokea tena, na tena, siku zote mchana, siku zote katikati ya kazi ya kawaida. Alinyanyua uso, akatega sikio upande wa uwanja, uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa na haya. Kama mtu anayeitwa na mgeni ambaye hana cha kumpa.

Sikumwambia yeyote. Mimi nilikuwa na yangu pia. Nilikuwa naona njano. Kila mteja aliyekuja karakana nilimtazama kwanza weupe wa macho. Watoto wa wauza dagaa wakipita, niliwasimamisha kwa kisingizio cha kuwasalimia ili niyatazame macho yao juani. Madumu ya mafuta yaliyopangwa ufukweni, yale ya njano, nilianza kuyageuzia upande wa kivuli. Mwanangu mwenyewe nilimfunua kope asubuhi, mchana na jioni, mpaka akawa akiniona nakuja anafumba macho kwa nguvu. Kila aliyekutana nami mtaani aliniuliza, "Mama mtoto anaendeleaje? Mpe pole." Nilizipokea pole hizo nikazipeleka nyumbani kama mtu aliyetumwa. Hakuna iliyokuwa yangu.

Mtoto alipokuwa ameanza kutambaa, nilimpeleka kwa daktari yule kupima macho na damu. Mtoto alikuwa anaendelea vizuri. Daktari akamaliza kuandika, akaweka kalamu chini.

"Na wewe, baba, unaendeleaje?"

"Mtoto anakula vizuri, daktari. Hatapiki."

"Nimekuuliza wewe."

"Mama yake naye hajambo."

Nilifungua mdomo nimwambie niko salama. Badala yake nikamwambia habari za madumu. Nilimweleza jinsi ninavyoyageuza, jinsi ninavyosimamisha watoto wa watu, jinsi mke wangu anavyosikia na jinsi ninavyoogopa kwamba siku moja na mimi nitasikia. Nililia pale kwenye kiti, mwanangu akiwa mapajani ananivuta kola ya shati. Daktari hakuniambia nisilie. Alisema jambo hili huwakuta wazazi wengi wa watoto kama wetu, hata watoto wanapopona. Kwamba hofu ikishazoea kukaa ndani ya mtu haiondoki kwa kuambiwa tu kwamba hatari imepita. Alimtafutia mke wangu mama mmoja mshauri pale hospitali, wa kuongea naye kila wiki. Kwangu mimi aliuliza kama angeweza kunikutanisha na baba mwingine, iwapo huyo baba angekubali.

Baba huyo alikubali, na tulipokutana tulicheka wote wawili, kwa sababu tulikuwa tumefahamiana kwa miaka. Alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri mjini, nilikokuwa nikinunua plagi na propela tangu nikiwa kibarua. Mafundi wote tulijua kwamba bosi huyo hufunga duka kwa muda kidogo katikati ya saa za kazi, anapanda ghorofani, kisha anashuka. Tulidhani anakwenda kuswali.

"Nakwenda kumlisha binti yangu," aliniambia, akinimiminia chai ya rangi nyuma ya kaunta. "Ini lake halitoi sukari. Kila baada ya saa chache lazima anywe wanga mbichi wa mahindi, umekorogwa kwenye maji baridi. Akikosa, anaanguka. Sasa ni msichana mkubwa, anaweza kukoroga mwenyewe. Lakini mimi lazima niione gilasi ikiwa tupu."

"Hata akikwambia amekunywa?"

"Hata akiniambia." Akacheka kidogo. "Ananichukia, fundi. Anasema mimi ni askari jela. Mke wangu anasema niache. Ninajaribu kukaa hapa chini, saa inafika, miguu inapanda ngazi yenyewe."

Nikamweleza habari za kope. Hakushangaa. Aliniuliza, "Na ukimwangalia, ukaona ni nyeupe, unakaa muda gani kabla ya kuanza kuogopa tena?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lililolenga namna ile. Tangu hapo nilikuwa napita dukani kwake hata nisipokuwa na cha kununua. Hatukuzungumza mambo makubwa. Mara nyingine tulizungumzia bei za vipuri vya Kichina hadi chai ikaisha, na hilo pekee lilitosha, kwa kuwa nilijua mtu niliyekaa naye anahesabu saa kichwani kama mimi.

Mke wangu alikwenda kwa mshauri wake. Aliporudi hakunieleza kilichosemwa, na mimi sikuuliza. Niliona tu kwamba ameanza kumshika mtoto akiwa amemwelekezea kifuani. Maziwa yalikuwa yamekwisha kukauka zamani. Siku moja nilifika nyumbani nikamkuta anamlisha uji wa dona, wamekaa sakafuni, uji umemwagika mpaka kwenye nywele za mtoto. Nikarudi nje, nikakaa juu ya jiwe, nikasubiri wamalize.

Kilichobaki ni nyumbani kwetu.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Kwetu mgeni hupewa maziwa kabla hajaulizwa habari za safari. Mama yangu alipoelezwa ugonjwa wa mjukuu, alisema kwenye simu, "Mimi nimewalea nyote kwa maziwa." Hakubishana. Alikuja kututembelea bila kibuyu chake cha mtindi, na kwake hilo lilikuwa kama kuja uchi. Lakini kulikuwa na jambo moja lake nililolijua ambalo mke wangu hakulijua. Kila jioni ng'ombe wakishakamuliwa, mama yangu alichukua maziwa kidogo kwenye kata, akaenda kwenye kaburi la binti yetu, akayamimina. Haikuwa mila ya ukoo. Ilikuwa yake mwenyewe. Aliwahi kuniambia sababu: yule mtoto aliondoka na njaa, kila alichopewa hakikukaa tumboni, na yeye hawezi kufunga mlango wa zizi akijua kuna mtoto pale nje hajala.

Nilikuwa sijapata kumwambia mke wangu. Kila nilipofikiria maneno ya kuanzia, sikuyapata. Tulikuwa tukienda Magu mara chache, tukifika asubuhi na kuondoka mchana.

Mtoto alipofikisha miaka mitatu, baba yangu aliugua, ikatubidi tulale huko. Jioni ile nilikuwa ndani na baba. Nilisikia sauti ya mke wangu kutoka upande wa zizi. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema, "Hapana, hapana, hapana," haraka haraka, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse moto.

Nilipofika alikuwa amepiga magoti juu ya kaburi. Maziwa yalikuwa yamemwagika kwenye udongo mkavu, yanazama, na yeye alikuwa anayafuta kwa kanga yake, anayakwangua pamoja na udongo kwa vidole, anautupa pembeni. Mama yangu alisimama na kata mkononi, amekodoa macho.

"Nimefanya nini?" mama yangu aliniuliza kwa Kisukuma. "Nimemkosea nini?"

Mke wangu ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, bila kuinua uso.

"Mama, ameshakunywa ya kutosha."

Ng'ombe walikuwa wanatafuna. Ndama mmoja alikuwa anamlilia mama yake nyuma ya uzio. Niliona neno lile likimwingia mama yangu taratibu. Aliyajua yote, alikuwa ameelezwa, lakini nadhani mpaka dakika ile hakuwa amewahi kumweka binti yetu ndani ya maelezo yale. Kata ikamtoka mkononi. Akaketi chini, mzee yule, palepale kwenye mbolea ya ng'ombe, akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikimpa."

Mke wangu akaacha kukwangua. Akamtambalia kwa magoti na mikono iliyojaa matope meupe, akamshika mabegani.

"Hukujua, mama. Na mimi nilimpa. Nilimpa kwa kijiko."

Walilia pamoja, mkwe na mama mkwe, na mimi nilisimama nikiwa sina pa kuweka mikono yangu. Baadaye mama yangu alifuta uso akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari za chakula cha jioni:

"Basi nimpe nini? Siwezi kupita hapa kila siku mikono mitupu."

Mke wangu alifikiri. "Maji," akasema. "Mpe maji, mama. Maji hayakumdhuru."

Nilikwenda ndani kuyachota mtungini, nikaleta ndoo nzima. Tukaliosha kaburi lile. Hatukusema sala, hatukumwita mtu. Tulimwaga maji mpaka udongo ukawa na rangi moja.

Siwezi kusema kwamba siku ile ilimaliza mambo. Mke wangu bado husikia, mara chache, na husikia mchana kama zamani. Akiinua kichwa napunguza redio, nasubiri amalize kusikiliza, kisha tunaendelea. Kope za mwanangu nimeacha kuzifunua, ila nikiwa peke yangu karakana, madumu yale bado siyatazami moja kwa moja.

Mwanangu sasa yuko shule ya msingi. Maneno yalichelewa kumtoka, na bado baadhi ya herufi zinamtega, watoto wenzake wanamwiga. Hesabu anazipata kwa shida. Anapenda samaki kupita kiasi, na ziwa halituangushi katika hilo. Popote anapopewa chakula, harusini, kwa rafiki, hata kanisani akipewa biskuti, anauliza kwanza, kwa sauti kubwa na ulimi wake mzito: "Ina maziwa?" Watu huona ni mtoto mwenye adabu ya ajabu. Mtoto wa umri ule hapaswi kujua kwamba kitu kitamu chaweza kumtoa uhai.

Hivi karibuni daktari alimpigia simu mke wangu. Kulikuwa na mama kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu kutoka visiwa vya ziwani, ameambiwa asubuhi ile kuhusu mtoto wake, na hataki kuongea na mtu. Mke wangu aliacha nguo kwenye beseni, akavaa, akapanda kilima. Alirudi jioni. Alinawa, akakaa mezani, akavuta sahani yake.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza.

"Sikumwambia kitu," alisema. "Nilimshikia mtoto, yeye akapata kuoga."